Ubatizo ni wa Nani?

Washarika wetu wanaohamia makanisa mengine mara nyingi huambiwa wakabatizwe upya, kwa kuwa walichopokea utotoni kilikuwa kunyunyiziwa maji tu. Jambo hili si dogo. Anayekubali maneno hayo haongezi baraka. Anakiri kwamba Mungu hakumtendea lolote siku ile. Kwa hiyo yafaa tuzipime hoja zinazotolewa, nazo ni tatu: mbatizaji, maji na imani.

Hoja ya kwanza ni ya zamani. Mwaka 256 Sipriani, askofu wa Karthago, na maaskofu wenzake wa Afrika Kaskazini walikataa ubatizo uliotolewa na wazushi. Asiye na Roho Mtakatifu, walisema, hawezi kumpa mwingine. Stefano, askofu wa Roma, alipinga. Tunamheshimu Sipriani, aliyekufa shahidi mwaka 258, lakini hoja yake ina ufa: inaufanya ubatizo kuwa mali ya mtumishi. Kama uhalali unategemea moyo wa mchungaji, ni nani ajuaye kwamba amebatizwa? Mtaguso wa Arles wa mwaka 314 uliamua kwamba aliyebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu asibatizwe tena, bali awekewe mikono. Baadaye Augustino aliwajibu Wadonati kwamba abatizaye ni Kristo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 8, linashika njia hiyo hiyo.

Hoja ya maji ni nyepesi zaidi. Didake, kitabu cha mafundisho cha Kanisa la kwanza, kinapendelea maji yatiririkayo, lakini maji yakikosekana kinaruhusu kumimina kichwani mara tatu. Kuzamisha ni ishara njema ya kuzikwa pamoja na Kristo, na Luther mwenyewe aliipenda. Hata hivyo, wingi wa maji si kipimo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Ndugu zetu Wabaptisti hawasemi kwamba wanarudia ubatizo. Kwao, pasipo imani ya anayebatizwa ubatizo haujatokea bado. Ndiyo maana wao na Wamenoni hawakutia sahihi tamko la Magdeburg la mwaka 2007, ambalo kwalo makanisa 11 ya Ujerumani yalitambuana ubatizo. Wengine hutaja Matendo 19, lakini wanafunzi wale wa Efeso walikuwa na ubatizo wa Yohana tu. Jibu la Luther la mwaka 1528 bado lina nguvu: imani leo imesimama, kesho inayumba. Ubatizo ukijengwa juu yake, itatubidi kubatizwa kila tunapotubu. Imani huupokea ubatizo, haiufanyi.

Basi panapokuwa na maji na Jina la Utatu, kama Kristo alivyoagiza, tunasema ubatizo ni halali, awe aliutoa padri, mchungaji wa Kipentekoste au mwinjilisti wetu.

Lakini tujihukumu nasi. Tunabatiza watoto wengi siku moja, twaandika cheti, kisha twanyamaza hadi darasa la Kipaimara. Msharika ambaye hakufundishwa kuurudia ubatizo wake kila siku kwa toba, tumshangae akienda kuutafuta mtoni? Kabla ya kuwalaumu wanaowabatiza tena watu wetu, tuwafundishe walichopewa.