Mubangi Katika Sufuria

Mvua za masika zikipita, mashamba ya Njoro na Molo huvamiwa na gugu liitwalo mubangi. Hakuna anayeupenda. Ng'ombe akiula, maziwa hunuka. Mkulima akichelewa kupalilia, mahindi yake humezwa. Ukikatiza shambani wakati umekomaa, mbegu zake nyeusi, nyembamba kama sindano, hung'ang'ania suruali na sweta hadi uzichambue moja moja mlangoni kabla ya kuingia ndani. Mimi pia niliuchukia, mpaka siku nilipotia fungu la maua na majani yake ndani ya sufuria kuukuu, nikalichemsha saa nzima, kisha nikatumbukiza uzi wa sufu. Uzi ulitoka na manjano iliyokolea kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Gugu lililozoea kuganda nguoni kwa mbegu, sasa liliganda kwa rangi.

Tangu siku hiyo naisifu kazi ya kutia nguo rangi za mimea, na ninachokisifu zaidi ni adabu yake: nguo huandaliwa kwanza, rangi hualikwa baadaye. Uzi ule ulikuwa umeoshwa kwa sabuni hadi mafuta ya kondoo yakaisha, ukapashwa moto taratibu ndani ya maji ya shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za sufu, kisha ukaachwa humo usiku kucha. Shabu ndiyo inayoishikisha rangi kwenye uzi. Bila shabu, manjano ile nzuri ingepauka upesi juani na kwenye beseni la kufulia.

Pamba ni ngumu kuliko sufu. Kabla ya shabu hutaka tanini, nayo tunayo tele: gome la muwati, au majani ya chai yaliyokwisha kunywewa. Siku mbili tatu huweza kupita kabla rangi haijagusa kitambaa. Niliwahi kuruka hatua hiyo kwa haraka ya kumpelekea shangazi kitambaa cha meza. Alipokifua mara ya pili, rangi yote niliyoitia ilikuwa imebaki madoa. Shangazi hakusema neno, ila nami sijairuka tena.

Kuna namna nyingine ya kazi hii, ambapo jani huchapwa umbo lake juu ya nguo. Mwezi wa Julai, Nakuru ikiwa kwenye baridi yake, nilitandaza mezani skafu nyeupe ya sufu niliyoitoa kwenye mitumba. Juu yake nikapanga majani ya mkaratusi. Machache niliyachovya kwanza katika maji ya kutu, yaani misumari mikuukuu iliyolala ndani ya siki wiki mbili. Maji hayo yanataka mkono mwepesi, kwa kuwa chuma kikizidi hula nguo. Nikaizungusha skafu kwenye kipande cha mti, nikaifunga kwa uzi nikikaza kila mzunguko, maana pale ambapo jani halikukandamizwa, mchoro hutoweka. Nikaiweka kwenye mvuke kwa muda wa saa mbili, nikaiacha ipoe hadi asubuhi.

Kufungua ndiyo sehemu inayonitetemesha vidole hadi leo. Majani yaliyoiva hubanduka taratibu, na chini yake jani huwa limebaki: mshipa wa katikati, vijishipa vya pembeni, rangi ya tofali lililochomwa. Penye kutu, kingo zimekuwa nyeusi. Jani moja lilikuwa limetobolewa na mdudu, na tundu lake lilionekana kwenye skafu kama kiduara cheupe. Mdudu yule alikula mlo wake mmoja tu, na mlo huo ukaingia kwenye vazi.

Mkaratusi wenyewe ni mgeni kutoka Australia. Uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe garimoshi, miaka miwili baada ya reli kufika Nakuru. Uliletwa uchomwe, kumbe jani lake lilikuwa limeficha rangi ya makaa. Hata mbinu ya kuchapa majani ilipata umaarufu kupitia Mwaustralia, India Flint, ambaye kitabu chake Eco Colour kilitoka mwaka 2008.

Hata hivyo, Bonde la Ufa lilijua rangi kabla ya wageni hao. Olkaria, panapochimbwa mvuke wa umeme karibu na Naivasha, ni jina linalotokana na udongo mwekundu ambao Wamaasai hujipaka. Akina mama wa Kikuyu walisokota nyuzi kutoka gome la mugio, wakasuka viondo, na nyuzi nyingine wakazitia rangi kwa mimea na matope. Na huko Njoro, tangu mwaka 1998, wanawake wa Kenana Knitters wamekuwa wakitumia sufu iliyosokotwa kwa mkono na kutiwa rangi za mimea, wakifuma wanyama wa kuchezewa na watoto. Ujuzi huu, basi, umeweza hata kulisha nyumba.

Rangi za viwandani sizilaani. Mwaka 1856, William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 jijini London, alikuwa akitafuta kutengeneza kwinini, akapata zambarau. Tangu hapo hata mwenye kipato kidogo ameweza kuvaa rangi aipendayo. Lakini zambarau ya kopo ni ile ile popote uifunguapo. Mubangi ulioshiba mvua za Agosti na ule uliokaushwa na jua la Januari haitoi manjano moja. Chembe ya magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, huivuta manjano kuelekea rangi ya chungwa. Nguo ya namna hii hubeba mvua iliyonyesha, maji yaliyotumika na mkono ulioandaa.

Msimu huu ukipalilia, usichome mubangi wote. Tenga ndoo moja, tafuta sufuria ambayo haitapikiwa tena, ununue shabu dukani. Ila usianze na mubangi. Anza kwa kuosha nguo.