Mkono Unafunguliwa kwa Tundu la Milimita Tano!

Tangu nianze kufuatilia mambo ya upasuaji, sijaona kitu kilichonifurahisha kama hiki. Mkono uliokuwa ukifa ganzi usiku, mwenyewe akiamka kuukung'uta, unafunguliwa kwa tundu la milimita tano hivi. Mgonjwa yuko macho, anaongea na daktari, na siku ileile anarudi kwake kula bukari!

Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba: chini mifupa, juu utepe mgumu mweupe. Humo zinapita kano tisa pamoja na neva inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Njia ikijaa uvimbe, neva inabanwa. Kazi za kushika kwa nguvu huchochea shida hiyo, na kwetu Mulungwishi, kati ya misheni ya Wamethodisti na migodi ya Likasi, nani asiyezijua? Nyundo ya mchimbaji, jembe, mchi.

Tiba ni kuukata ule utepe. Zamani kiganja kilipasuliwa sentimita tatu au zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Okutsu wa Japani akaingiza kamera. Video za upasuaji huo wa kamera hazinichoshi: utepe umejaa skrini, kisu kinainuka, kinavutwa taratibu, nyuzi zinaachana, halafu mafuta ya manjano yanateremka kwenye ufa. Neva imepumua!

Lakini altrasaundi ndiyo iliyoniteka kabisa. Kamera haiingii ndani. Daktari anaiona neva kwenye skrini, mshipa wa damu ukidunda pembeni, na kisu kikipita bila kuvigusa. Ganzi ni ya mkono tu. Lidokeini ikichanganywa na adrenalini, kama anavyofundisha Donald Lalonde wa Kanada, hata mkanda wa kuzuia damu hauhitajiki. Hebu fikiria faida yake kwa hospitali isiyo na mtaalamu wa usingizi!

Upasuaji wa kawaida wa kupasua kiganja nao unaponya vizuri, na baada ya mwaka matokeo hukaribiana. Ila mama anayeuza unga sokoni hawezi kungoja. Kwake kurudi kazini mapema ndiyo chakula cha watoto. Kwa hiyo mimi nachagua tundu dogo.

Ndugu, mkono ukianza kufa ganzi, funga kifundo kwa kibao laini usiku na umwone daktari mapema. Nyama ya chini ya kidole gumba ikishasinyaa, huenda isirudi hata baada ya upasuaji.