Majira Yanayotengenezwa kwa Jembe

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na ndani yake maandalizi huanza theluji inapoyeyuka. Huko mwaka hauna siri: ardhi ilikuwa jiwe, sasa inapokea jembe, mchana ulikuwa mfupi, sasa unarefuka. Bunyakiri, mashariki mwa Kongo, katika sheferi ya Buloho, ng'ambo ya mlima Kahuzi ukitokea Bukavu, hakuna dalili kubwa namna hiyo. Eneo liko nyuzi mbili hivi kusini mwa ikweta, mchana na usiku hugawana saa karibu sawasawa, na majani hayaachi kuota hata Julai. Ndiyo maana wapo wanaosema kwamba kwetu hakuna la kuandaa: mvua ikinyesha, panda. Mimi nashika kinyume chake. Palipo na baridi kali, nusu ya maandalizi hufanywa na baridi yenyewe, mtu akiwa amekaa ndani anaota moto. Bunyakiri nusu hiyo nayo humwangukia mama mwenye jembe, naye ana wiki chache tu kabla ya mvua za Septemba. Anachokifanya katika wiki hizo ni ufundi, tena wa akili kabla ya mikono.

Tuangalie kwanza baridi inamfanyia nini mwenye bustani. Maji yaliyomo ndani ya bonge la udongo yakiganda hutanuka na kulipasua. Yakiyeyuka, bonge hubomoka lenyewe. Kwa hiyo Mwingereza mwenye udongo mzito hulima kabla ya majira ya baridi, akaacha mabonge makubwamakubwa, na ikifika Machi anayakuta yamelegea. Baridi hiyohiyo huua wadudu wengi pamoja na magugu yasiyovuka mwaka. Kubwa zaidi, husimamisha uozaji. Vijidudu vinavyokula mabaki ya mimea huongeza kasi karibu maradufu kila joto linapopanda nyuzi kumi, na joto likikaribia sifuri huwa kama vimelala. Samadi iliyotandazwa Oktoba, sehemu kubwa ingalipo Aprili. Bunyakiri hakilali kitu. Majani yaliyofukiwa huliwa upesi, mvua nyingi huteremsha lishe chini kusikofikiwa na mizizi, na udongo hubaki na uchachu. Vidukari na viwavi hawana mwezi wa kufa. Mwenye bustani itabidi avunje mabonge mwenyewe, aue magugu mwenyewe, na ajue namna ya kuweka chakula cha mimea mahali ambapo hakuna kinachokaa.

Msaidizi wake mmoja ni kiangazi, nacho ni kifupi: kwa kawaida Juni hadi Agosti, tena upande huu wa msitu hakikauki kama kule bonde la Ruzizi. Mama anayeijua kazi hakipotezi. Mwezi wa Julai hulima juujuu, akakung'uta sangari mizizi ikaangalia jua, kwa sababu sangari iliyofukiwa haikufa, imehamishwa tu. Kisha huacha. Mwishoni mwa Agosti manyunyu ya kwanza huamsha mbegu za magugu, na bustani huwa kijani ghafla. Mwenye haraka huona wakati wa kupanda umefika. Fundi huona magugu yamejitokeza yenyewe mahali pa kuuawa: huyaacha yafike majani mawili matatu, halafu huyaparua kwa jembe lisilozama, maana jembe likizama litaleta juu mbegu nyingine zilizokuwa zimetulia. Muda ukiruhusu atarudia. Kazi ambayo baridi ingeifanya kwa miezi mitano, yeye ameifanya kwa kusubiri mara mbili na kuparua mara mbili, na kusubiri ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa jirani ameshapanda na anacheka.

Baada ya kuua huja kulisha, na hapa ndipo hesabu ya siku inapomtambulisha anayejua. Kandokando ya barabara za Kivu umejaa mmea wa maua ya njano ambao wengi huuita alizeti mwitu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Majani na vikonyo vyake laini vina naitrojeni na potasiamu kwa wingi, na huoza kwa wiki chache tu. Wepesi huo ni faida na ni mtego. Ukiyafukia siku ya kupanda, joto la kuoza litaunguza miche. Ukiyafukia mapema mno, mvua itakuwa imeondoka na chakula kabla mzizi haujakitafuta. Wiki moja au mbili kabla ya kupanda ndipo mahali pake. Samadi ya mbuzi hufuata saa nyingine kabisa: hiyo inataka miezi, kwa hiyo lundo lake lilianza tangu Mei, likafunikwa majani ya migomba lisioshwe na mvua wala kukaushwa na jua. Majivu ya jikoni yana saa ya tatu. Hupunguza uchachu wa udongo, lakini yakinyeshewa nguvu yake huenda na maji. Huhifadhiwa makavu ndani ya chungu cha zamani na kunyunyizwa kidogo tu. Vitu vitatu, kalenda tatu, na zote lazima zikutane Septemba juu ya kitanda kimoja cha udongo. Nani atasema hiyo ni kazi ya nguvu tu?

Kuna mbegu pia. Maharage ya mbegu huteuliwa wakati wa mavuno ya Juni, yakachanganywa na majivu au kutundikwa juu ya moshi wa jiko, fukusi asiyapate. Marando ya viazi vitamu huhifadhiwa panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, yasikauke. Mbegu za lengalenga, ndogo kama vumbi, huchanganywa na mchanga mkavu ili zisirundikane mahali pamoja. Lakini jaribio kubwa ni muhogo. Ugonjwa wa batobato, ambao umeharibu mihogo mingi ya Kivu, huonekana kwenye majani: manjano yenye mabaka, jani limejikunja. Kwenye kipande cha shina hauonekani. Kwa hiyo anayechagua vipande vyake Septemba, baada ya mashina kukaa yamekatwa, anachagua kwa bahati. Fundi alishafunga kamba kwenye mimea safi wakati majani bado yako juu. Tena mmea aliotaka kuutumia kwa mbegu hakuuvunia sombe, kwa sababu mmea ulionyonyolewa majani hauwezi kutoa ushahidi. Na migomba ya nyuma ya nyumba nayo imo katika maandalizi. Tangu mnyauko wa bakteria ulipogunduliwa Masisi mwaka 2001, panga lisilopitishwa motoni kabla ya kuingia shina jingine limekuwa ni panga la hatari, na ua dume la mgomba huvunjwa kwa kijiti chenye panda, chuma kisiliguse.

Yuko atakayesema yote haya ni kujisumbua, kwa kuwa ardhi ya msituni ni tajiri: kata, choma, panda. Pingamizi hili linastahili jibu la kweli, maana vizazi vimekula kwa njia hiyo. Lakini utajiri wa msitu uko zaidi ndani ya miti yenyewe na katika tabaka jembamba la majani yanayooza, si katika udongo wa chini. Moto huupa udongo majivu, ila naitrojeni huondoka na moshi, na mvua kubwa ya kwanza huteremsha mlimani sehemu ya hayo majivu. Njia hiyo ilifaa palipokuwa na nafasi ya kuacha shamba lipumzike miaka mingi. Nafasi hiyo imebanwa. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970 ikiwa na hekta 60,000 hivi. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi hekta 600,000 hivi, ikashuka upande wa magharibi kwenye misitu ya chini. Mtu anaweza kubishana juu ya haki ya mpaka ule, na wengi wanabishana bado, kwa sababu nzuri. Hata hivyo tumbo halisubiri hukumu, na anayelima ardhi ileile kila mwaka hana budi kuilisha.

Wengine watasema bustani ya nyumba ni mapambo, muhogo wa shamba ndio chakula. Ni kweli muhogo hujaza bakuli. Lakini bugali wa muhogo una protini kidogo sana, na si bure kwamba Lwiro, upande wa pili wa Kahuzi, ambako taasisi ya utafiti ya IRSAC ilijenga makao yake baada ya kuundwa mwaka 1947, pamejulikana miaka mingi kwa kuchunguza na kutibu kwashakoo ya watoto. Maharage, lengalenga, majani ya maboga: vinavyokosekana katika bakuli la mtoto vinaota hatua ishirini kutoka jikoni, ikiwa mtu aliviandalia mahali.

Pingamizi zito kuliko yote ni la vita. Tangu 1996 watu wa Bunyakiri wamekimbia na kurudi, wamekimbia tena, na mara nyingi aliyepanda siye aliyevuna. Kusifu maandalizi mbele ya mtu kama huyo kunaweza kusikika kama dhihaka, hasa anayesifu akiwa hashiki jembe. Sidai kwamba ufundi huu unachukua nafasi ya usalama. Nadai kwamba umepangwa na watu wanaoujua ukosefu wake. Muhogo unamdai mtu mwaka mzima au zaidi wa utulivu. Maharage yanamdai miezi mitatu hivi au minne. Lengalenga ya kitanda kilichoandaliwa hukatwa baada ya wiki nne hivi, tena hukatwa na kuchipua. Na aliyeiba mihogo hakuondoka na udongo uliosafishwa sangari na kulishwa. Mwenyewe akirudi baada ya miezi michache, ataanzia mbele ya pale alipoanzia mwanzo. Kwa hiyo wanaotaka kusaidia bustani za Buloho wabadilishe kalenda zao. Gunia la mbegu linaloshushwa Oktoba hukuta magugu yameshashika kitanda na vipande vya muhogo vibaya vimeshachomekwa. Waje Juni, mihogo ikiwa bado na majani, na waulize akina mama ni mimea ipi waliyoifunga kamba.