Kuufuata Mshipa Mpaka Mwisho

Fomu ya kipimo huandikwa kwa haraka: utrasaundi ya kizazi. Chukulia mama aliyeshuka kutoka Newala hadi Masasi, tumbo limejaa, miguu imevimba, na akipanda mlima pumzi inakata. Mpimaji anaweza kutazama kizazi, akaandika "fibroidi", akamwita mgonjwa anayefuata, na hakuna atakayemlaumu. Ninayemsifu hapa ni yule ambaye mkono wake hauishii pale fomu ilipoishia.

Fibroidi ni uvimbe wa misuli ya kizazi usio saratani, na wanawake wengi wa Afrika wanaishi nao. Mara chache mno uvimbe huo hupenya kwenye vena za kizazi na kukua humo humo. Hupita vena za nyonga, huingia kwenye venakava ya chini inayorudisha damu ya miguu na tumbo, hupanda nyuma ya ini, na pengine hufika upande wa kulia wa moyo. Mwanapatholojia Birch-Hirschfeld aliueleza mwaka 1896, na mwaka 1907 mwenzake Dürck akaeleza uliokwisha kufika moyoni. Ukiutazama kwa hadubini hauna sura ya saratani hata kidogo. Lakini ukiziba njia ya damu ndani ya moyo, mgonjwa huzimia, na anaweza kufa.

Ugumu wake ni kwamba unafanana na mambo mengine. Aliyepima mguu na tumbo atadhani ni damu iliyoganda, mama apewe dawa za kuzuia kuganda ambazo hazitauondoa. Aliyepima moyo peke yake atadhani ni uvimbe uliozaliwa moyoni, kumbe shina liko nyongani. Kila mmoja ameona kipande chake, na kwenye kipande hicho hakukosea sana.

Sasa mtazame fundi kazini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Anapaka jeli, anaweka kifaa chini ya mbavu ili alitumie ini kama dirisha. "Vuta pumzi, mama, uishikilie." Venakava inatokea kama njia nyeusi, na ndani yake kuna kitu cha kijivu, kirefu. Haondoi mkono. Kimeshika ukuta wa mshipa, au kinacheza huku damu ikipita pembeni? Anawasha Dopla ya rangi: je, ndani ya kitu chenyewe mnapita damu? Bonge la damu kwa kawaida halina mishipa yake, uvimbe unayo. Hata hivyo saratani ya figo nayo huweza kuingia venakava ikiwa na mishipa yake, kwa hiyo anazipima figo zote mbili kabla ya kutamka lolote. Kisha anauliza jambo ambalo mashine haiwezi kulijua: "Mama, umewahi kupasuliwa kizazi?" Wengi wa wagonjwa hawa waliwahi kuondolewa fibroidi au kizazi chote miaka ya nyuma. Bila swali hilo, asili ya uvimbe ingebaki fumbo.

Ukaidi huu wa kutoridhika na jina lililo karibu si mgeni katika uwanda wa juu wa Wamakonde, alikotoka mama wetu wa Newala. Mwaka 1952 hadi 1953 ilienea hapa homa iliyofanana sana na denge, isipokuwa viungo viliuma kupita kiasi. Watafiti Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliichunguza na kuiandika mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross, akiandika juu ya mlipuko wa Newala, akaeleza kirusi chenyewe. Leo dunia nzima inaiita chikungunya, kwa jina la Kimakonde. Kama wangeridhika na denge, tungechelewa sana kuijua.

Basi ripoti ya mpimaji wetu haiwezi kuwa neno moja. Inasema uvimbe umeanzia wapi, umekomea wapi, umeshika ukuta au uko huru, na figo zikoje. Kwa maneno hayo mgonjwa anapelekwa kwenye CT au MRI, na daktari anayempokea katika Hospitali ya Taifa Muhimbili anajua mapema kama amwite pia mpasuaji wa moyo kutoka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kwa sababu uvimbe uliofika moyoni hautolewi na mpasuaji wa kizazi akiwa peke yake.