Hongera, Walimu wa Dansi

Siku hizi kijana anayetaka kujifunza kutunga nyimbo huandaliwa warsha ya wikiendi, akapewa daftari na chai. Si vibaya. Lakini kuna chuo kikongwe zaidi, kisichotoa cheti: bendi za dansi zilizotikisa kumbi kama DDC Kariakoo, jijini Dar es Salaam.

NUTA Jazz, iliyoanza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliwalipa wanamuziki mshahara. Ndiyo iliyokuja kuwa Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, na mwimbaji Muhidin Gurumo akahamia huko.

Mtunzi alifika mazoezini na maneno na sauti yake, na hapo wimbo ukaacha kuwa mali yake peke yake. Mpiga solo alitafuta njia, wa rithimu akamjibu, wapuliza tarumbeta wakadai nafasi, ubeti wenye porojo ukakatwa. Wimbo wenyewe huanza na kisa taratibu: ndoa, mirathi, ndugu mkopaji. Kisha mdundo unapanda, na aliyeketi anajiona mgeni. Kwa kuwa Radio Tanzania ilikagua maneno kabla ya kurekodi, fumbo likawa somo la lazima. Nadhani ndiyo maana tungo zile hazichuji.

Mtihani ulikuwa Jumamosi usiku. Hakuna msahihishaji mkali kama mama wa Kariakoo aliyelipa kiingilio, akavaa viatu vipya, kisha akabaki kitini akinywa soda. Wimbo uliomwacha kitini ulirudishwa mazoezini Jumatatu.