Kusinzia si Kulala: Neno Dogo, Hukumu Kubwa

Hebu tuzitazame sentensi mbili ambazo mtahiniwa yeyote anaweza kukutana nazo:

(a) Bawabu alilala.
(b) Bawabu alisinzia.

Ukiulizwa utofautishe maana, huenda ukajibu upesi kwamba (a) ni usingizi mrefu na (b) ni mfupi. Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi. Aghalabu wanafunzi wetu huyabadilisha maneno haya mawili ovyo wanapojibu maswali ya fasihi, na kwa kufanya hivyo humhukumu mhusika visivyo.

Tuanze na maana za kitenzi chenyewe. Kwanza, kusinzia ni kufumba macho na kuinamisha kichwa kwa usingizi mwepesi. Pili, taa husinzia mwanga wake unapofifia: mafuta yakikaribia kwisha, koroboi husinzia. Tatu, shughuli husinzia inapozorota. Mwalimu atatambua kwamba hii ni polisemi, yaani neno moja lenye maana kadhaa zinazohusiana. Swali la kimsingi ni hili: zinahusiana kwa lipi?

Tufike katika barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Dereva wa lori ameegesha gari lake Salgaa usiku na kujinyoosha ndani. Huyo amelala, na hakuna wa kumlaumu. Dereva huyo huyo akifumba macho kwa sekunde tatu kwenye mteremko wa Sachangwan, amesinzia. Kinachotenganisha vitenzi hivi hapa si saa pekee. Dereva wa pili alipaswa kuwa macho. Hali kadhalika, koroboi ilipaswa kuangaza. Anayesinzia, basi, ni yule ambaye wakati huo ana jambo linalomtaka awe macho. Mtu aliyejifunika blanketi usiku wa manane hatusemi kwamba anasinzia, isipokuwa tukitaka kudokeza kuwa bado usingizi haujamchukua.

Mfano wa maana ya tatu uko papa hapa Nakuru. Katika miaka ya 1990 Kenya iliongoza ulimwenguni kwa uzalishaji wa pareto, na kiwanda cha kuisindika kilikuwa mjini Nakuru. Katika miaka ya 2000 zao hilo lilidorora. Wakulima wa sehemu kama Molo walicheleweshewa malipo, wengi wakang'oa pareto na kupanda mimea mingine, nayo Australia ikachukua uongozi wa soko. Mwandishi akisema "kiwanda kilikufa", anatangaza msiba. Akisema "kiwanda kilisinzia", anasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba kuna waliopaswa kuwa macho, na kwamba bado kinaweza kuamshwa. Mwanafunzi asiyeona lawama na tumaini katika neno hilo atakuwa amesoma nusu ya sentensi.

Sasa tulilinganishe na nomino "lepe". Lepe pia ni usingizi mwepesi, lakini husikika zaidi katika ukanushi: "Hakupata hata lepe la usingizi." Hapa hali imegeuka. Mtu anautaka usingizi, nao unamkimbia kwa sababu ya njaa, deni, ugonjwa au hofu. Kwa hiyo, ingawa maneno haya yote mawili yanahusu usingizi mfupi, sinzia aghalabu huchochea lawama, ilhali lepe huchochea huruma.

Zingatia sentensi hii: "Mama hakuwa amepata lepe kwa siku tatu, usiku wa nne, kando ya kitanda cha mtoto, akasinzia." Lepe limetutayarisha kumhurumia kabla sinzia haijamshtaki. Mtahiniwa anayeandika kuwa "mama alilala" amefuta mashtaka na utetezi kwa mkupuo mmoja. Hata akitaja sifa ya mama kuwa mvumilivu au mzembe, hatakuwa na ushahidi wa kuitetea.

Mtahiniwa, zingatia mambo matatu. Kwanza, usichanganye sinzia na singizia. Nimesahihisha insha iliyosema kwamba "mlinzi alisingizia langoni", nikabaki kujiuliza alimzulia nani uongo! Pili, jizoeze minyambuliko: jua la adhuhuri humsinzisha mwanafunzi, mtoto humsinzilia mama yake begani. Tatu, usianze kila insha kwa mhusika ambaye hakupata lepe la usingizi. Kifungu hicho kimetumiwa mno hata kimepoteza makali. Ukikitumia, tuonyeshe kilichomnyima usingizi mhusika wako.

Nawe mwalimu, unapofunza wahusika usikubali jibu la "alilala" pale ambapo mwandishi ameandika "alisinzia". Mrejeshe mwanafunzi kitabuni, umwulize: mhusika huyu alipaswa kufanya nini wakati huo, na ni nani aliyeumia macho yake yalipofumba?

Zoezi
1. Tunga sentensi tatu kubainisha maana tatu za neno sinzia.
2. Tunga sentensi moja yenye maneno lepe na sinzia. Eleza msomaji anamhurumia au anamlaumu mhusika, na ni neno lipi limemfanya ahisi hivyo.