Huruma na Haki katika Lugha ya Kuwatetea Waliozuiliwa

Katika lugha yetu watu wanaofungiwa na Serikali wana majina matatu, na majina hayo si ya kitu kimoja. Mfungwa ni mtu aliyesomewa mashtaka, akasikilizwa, akahukumiwa. Mahabusu ni mtu anayengoja siku ya kufika mbele ya hakimu. Wa tatu ni yule aliyewekwa kizuizini: hakushtakiwa, hakuhukumiwa, wala hangoji siku yo yote ya hakimu. Watu wengi huwachanganya watatu hawa na kuwaita wote wafungwa. Mazungumzo ya barazani hayadhuriki sana kwa kosa hilo, lakini maandishi ya kuwatetea hudhurika nalo, maana kila mmoja wa watatu hao adai utetezi wa namna yake.

Nia ya makala haya ni kupima maandishi ya kuwatetea waliozuiliwa bila mashtaka kama tupimavyo maandishi mengine, yaani kwa maneno yake. Nasema kwamba neno lililo hatari kuliko yote katika maandishi hayo ni huruma, pamoja na ndugu yake msamaha. Mtu husamehewa kosa. Asiyeshtakiwa hana kosa lililotajwa, basi amwombeaye msamaha amekwisha kumhukumu kabla ya hakimu, naye hana habari.

Tuanze na aliyehukumiwa, ili tofauti ionekane. Bwana Abdilatif Abdalla aliandika kijitabu kiitwacho Kenya: Twendapi? mwaka 1968. Akashtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka mitatu, akatoka mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mtunzi huyu alilijua shtaka lake na alijua kipimo cha kifungo chake, kwa hiyo alikuwa na kitu cha kujibu. Katika shairi la N'shishiyelo ni Lilo anasimama mbele ya hukumu na kutamka kwamba haachi ashikacho. Msimamo huo wapata nguvu kwa sababu upande wa pili umekwisha kusema neno lake, hata kama neno hilo ni la dhuluma.

Aliyezuiliwa hana upande wa pili wa kujibizana naye. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani kwake Limuru siku ya mwisho ya mwaka 1977, baada ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda, alioutunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kisha kupigwa marufuku. Hakufikishwa mahakamani. Huko Kamiti alipewa namba, K6,77, lakini hakupewa idadi ya siku. Aliyehukumiwa huhesabu siku zilizobaki. Aliyezuiliwa huhesabu zilizopita tu. Katika kitabu chake cha Detained, kilichotolewa mwaka 1981, tunasoma kwamba alikataa kufungwa minyororo ndipo apelekwe kutazamwa jino na kuonana na jamaa zake. Msomaji mwepesi aweza kudhani huo ni ukaidi tu. Lakini tukisoma kwa makini twaona kwamba kukataa huko ni hoja: mnyororo ni vazi la mhalifu, naye hakuwa ameitwa mhalifu na mahakama yo yote. Kuuvaa kungekuwa kukiri lile ambalo hata Serikali haikuthubutu kulitamka mbele ya hakimu.

Sasa tuitazame namna alivyotoka. Hati ya kumzuilia ilitiwa sahihi na Daniel arap Moi, aliyekuwa Makamu wa Rais na Waziri wa Mambo ya Ndani. Mzee Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978, Moi akawa Rais, na Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, Ngũgĩ akaachiliwa pamoja na wenzake, miongoni mwao Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney, waliokuwa wamekamatwa Bungeni mwaka 1975. Nchi ilishangilia, nayo ilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini shangwe hiyo ilisemwa kwa lugha ya shukrani, kama kwamba zawadi imetolewa. Mkono ulioandika ndio ulioshukuriwa kwa kufuta, na kalamu ilibaki mkononi mle mle. Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma haikuguswa. Mwaka 1982 walimu wa vyuo vikuu walizuiliwa kwa sheria ile ile, akiwamo Bwana Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011, na Bwana Alamin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki. Kinachotolewa kwa huruma huweza kurudishwa kwa hasira, kwa maana mwenye kutoa ndiye mwenye kuchukua.

Basi utetezi ulio mzuri husemaje? Mfano mmoja tunao tangu tarehe 28 Mei 1961, wakili Mwingereza Peter Benenson alipoandika katika gazeti la Observer la London juu ya wafungwa waliosahauliwa. Kutokana na makala yale kikazaliwa chama cha Amnesty International. Hapo utetezi ulipata umbo linalojulikana: barua fupi, ya adabu, yenye jina la mtu mmoja na swali linalodai jibu. Mbele ya aliyezuiliwa, barua kama hiyo yaweza kufupishwa kwa maneno matatu: ashtakiwe au aachiliwe. Maneno hayo hayasemi kwamba mtu huyu ni mwema, wala hayamwombi mtawala awe mwema. Yamtaka achague moja kati ya mambo mawili yaliyo halali, na kumwonyesha kwamba analotenda ni la tatu. Mwaka 1982 Kamati ya Kutaka Wafungwa wa Kisiasa wa Kenya Waachiliwe iliundwa London, mwenyekiti wake akiwa John La Rose, mchapishaji mzaliwa wa Trinidad, na Ngũgĩ na Abdilatif wakiwa miongoni mwa wanachama. Waliokwisha kufungiwa ndio sasa waliowasemea waliofungiwa.

Yawezekana mtu akapinga na kusema: mke wa aliyezuiliwa hataki hoja ya sheria, ataka mumewe arudi, na kama kupiga magoti kutamrudisha, apige magoti. Pingamizi hili ni zito, wala simlaumu mke huyo hata kidogo. Mwomba chumvi huombea chungu chake. Lakini mwandishi, mwalimu na mwanafunzi wa chuo hawaombei chungu kimoja. Wakiazima lugha ya aliyepiga magoti, huipa desturi ya kupiga magoti cheo cha fasihi.

Na hata jamaa wenyewe wametufundisha kwamba machozi na madai hukaa pamoja. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, pamoja na Bibi Wangari Maathai, wakagoma kula. Wengi wa wana wao walikuwa wafungwa waliohukumiwa, hawakuwa wa kizuizini. Jambo lao hasa lilikuwa namna hukumu zile zilivyopatikana. Siku chache baadaye polisi waliwapiga, wakahamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakaendelea. Walikuwa mama, walilia kama mama, lakini walitaka wana wao kwa sauti ya raia, hadharani, wala si kwa mlango wa nyuma.

Mwaka 1997, kwa mapatano ya wabunge wa vyama mbalimbali, uwezo wa kuzuilia watu bila hukumu uliondolewa katika sheria ile ya Kenya, na Katiba ya mwaka 2010 yaagiza aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa ishirini na nne kupita. Hayo hayakuletwa na huruma ya mtu. Yaliletwa na watu wengi waliokataa, kwa miaka mingi, kulipokea neno msamaha mahali pa neno haki. Sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili tunayo sehemu yetu katika kazi hiyo, nayo ni ndogo lakini ni ya lazima: kila tuonapo ombi, tamko au shairi juu ya aliyezuiliwa, tuulize kwanza limemwita nani, na limemtaka mtawala afanye nini. Likimwita mfungwa, tulisahihishe. Likimwombea msamaha, tuulize msamaha huo ni wa kosa gani.